Mume wa Alaska

Jumapili hiyo, saa saba na nusu mchana, Signe Kittleson alikuwa ameketi kwenye ngazi nyuma ya jukwaa, kalamu mkononi, karatasi tupu juu ya goti. Onyesho la mwisho lingeanza saa nane kamili. Alikuwa na nusu saa ya kuandika barua moja, na asipoiandika, Emmett Pruitt angerudi kwao Nebraska na yeye angebaki Holmdal akiitwa mke wa mtu aliyekwisha kumwacha.

Kazi ya Signe katika kikundi cha maigizo cha mji ilikuwa vifaa. Mchana alikuwa karani wa maktaba. Jioni alihakikisha kila kinachoonekana jukwaani kinafanana na kweli. Wiski ilikuwa chai baridi. Vitabu vya kwenye rafu vilikuwa migongo mitupu iliyogundishwa ubaoni. Jiko la kuni lilikuwa na taa nyekundu ndani yake. Vitu vya kweli vilikuwa viwili tu: mkate, kwa kuwa Emmett, mwigizaji mkuu, aliula mbele ya watu, na koti la sufu la mirabaraba alilolivaa.

Koti hilo lilikuwa la Dale Kittleson. Kwa miaka tisa lilitundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa nyumba ambamo Signe aliishi na mama yake, Ardis Aldahl. Mama alikubali kuliazimisha kwa shingo upande. "Mwambie Bwana Pruitt asilitie madoa," alisema. "Dale atalihitaji akirudi."

Na barua ilikuwa hivi. Katika tendo la pili Emmett, aliyeigiza mkulima aliyekimbiwa na mkewe, alifungua barua kutoka kwa mke huyo, akaisoma kimya kwa dakika nzima huku watu wakimtazama usoni. Kisha aliwaambia mabinti zake wa mchezo, "Mama yenu anarudi maua yakichanua," ilhali mama yao harudi ng'o. Halafu aliichana barua na kuitia ndani ya lile jiko. Maonyesho manane, barua nane.

Siku ya kwanza ya mazoezi Signe alimpa karatasi tupu. Emmett alikodoa macho, akasahau hata majina ya mabinti zake wa mchezo. Baadaye alimfuata, mrefu, mikono imejaa makovu ya vyuma, maana kazi yake ilikuwa kuuza vipuri vya trekta.

"Bi Kittleson, naomba uniandikie kitu. Siwezi kusoma hewa. Uso wangu haujui uongo."

"Niandike nini?"

"Chochote. Hata orodha ya vitu vya dukani."

Akamwandikia namna ya kutengeneza achari ya kiazisukari chekundu. Usiku wa ufunguzi Emmett alisoma habari za siki na karafuu kwa huzuni kubwa, mpaka wanawake wa safu ya mbele wakatafuta leso. Alipotoka jukwaani alimkuta Signe ameziba mdomo kwa kitambaa cha pazia, nao wakacheka kama watoto waliofanya utundu kanisani.

Barua ya pili ilihusu msomaji aliyerudisha kitabu maktaba akiwa ameweka alama kwa kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaangwa. Ya nne ilisema: *Kola yako imekaa upande. Usiirekebishe, imekupendeza.* Ya sita: *Jana ulipokohoa nilitaka kukuletea maji mbele ya watu wote.* Kila mara, akishamaliza kusoma, Emmett aliinua macho na kutazama pembeni mwa jukwaa, gizani, aliposimama Signe. Alitazama sekunde moja tu. Signe alikuwa na miaka thelathini na tisa, na aliishi wiki nzima kwa ajili ya sekunde hiyo.

Ya saba, ya jana yake Jumamosi, ilikuwa na maneno mawili: *Nitakukosa.*

Baada ya onyesho Emmett alimfuata kwenye meza ya vifaa. Hakuwa anacheka.

"Bi Kittleson, ile barua ya leo."

"Naam."

"Usiniandikie tena vile."

"Nimekuudhi?"

"Heri ungeniudhi. Mwaka mzima nakuja maktaba kuazima vitabu nisivyovisoma. Nina kitabu cha ufugaji wa nyuki kule kwangu, na nyuki sina hata mmoja." Alishusha sauti. "Lakini wewe una mume. Mwenzangu yuko kwenye baridi ya Alaska anachimba mafuta, mimi huku nimevaa koti lake, nasoma barua za mkewe. Sikulelewa hivyo."

Signe aliacha kufuta vikombe vya wiski.

"Kampuni inanitaka nirudi Lincoln, kwetu Nebraska," Emmett aliendelea. "Jumatatu asubuhi nawapa jibu. Nadhani nitawaambia ndiyo." Akavua koti, akalitundika taratibu kama mali ya mtu, akaenda zake.

Ndipo Signe alipogundua. Emmett aliamini. Katika mji mzima wa Holmdal, ni Emmett Pruitt peke yake aliyeamini.

Dale aliondoka miaka tisa iliyopita na mwanamke aliyekuja mjini kuuza nyumba za magurudumu. Hakwenda Alaska hata kwa ndoto. Alikwenda Florida, na baada ya miaka miwili akatuma karatasi za talaka kwa posta. Jumapili ya kwanza baada ya yeye kuondoka, mtu alimwuliza Ardis kanisani, "Dale hajambo?" na Ardis, bila kupepesa macho, akajibu kwamba amepata kazi ya mafuta Alaska. Basi ikawa hivyo. Tarishi aliyeleta talaka alijua. Mchungaji alijua. Muuza maziwa alijua. Na wote, mwaka nenda mwaka rudi, waliuliza, "Dale hajambo?" wakajibiwa, "Hajambo, baridi tu," wakatikisa kichwa kwa huruma.

Watu wa Holmdal ndivyo walivyo. Jirani atakuondolea theluji mlangoni kabla hujaamka, lakini hatakukosoa neno usoni hata umwambie jua ni bluu. Emmett alipohamia miaka mitatu nyuma, hakuna aliyemweleza, kwa kuwa kumweleza kungekuwa kumvunjia Ardis heshima. Na kila mmoja alidhani mwingine ameshamweleza.

Signe aliitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na tano. Akaandika bila kuinua kalamu:

*Emmett, Dale hayuko Alaska. Yuko Florida, na kwa miaka saba sasa si mume wangu, nina karatasi za kuthibitisha. Nilidhani unajua, kila mtu anajua. Mimi ni mwanamke asiye na mume, na ninakupenda. Ukimaliza kusoma usisahau maneno yako. Signe.*

Akaikunja mara tatu, juu akaandika *Emmett*, akaitia ndani ya bahasha ya mchezo, akaiweka mezani pa jukwaa mahali pake, kando ya mkate.

Ardis alikuwa safu ya tatu, nywele nyeupe zimefungwa vizuri, kibeti magotini. Signe alimwona kupitia tundu la pazia, moyo ukamuuma. Alimpenda mama yake. Tatizo ndilo hilo.

Tendo la pili likafika. Emmett akafungua bahasha, akaikunjua karatasi, akaanza kusoma. Dakika ikapita. Nyingine ikaanza. Ukumbini mtu akakohoa. Mabinti wa mchezo wakatazamana. Bwana Loomis, mwalimu mstaafu aliyeutunga mchezo ule na kuuongoza, alikuwa upande wa pili wa jukwaa akimnong'oneza Emmett maneno yake kwa sauti iliyofika mpaka mlango wa nje: "Mama yenu! Mama yenu anarudi!"

Emmett hakumsikia. Alirudi mwanzo wa barua, akaisoma upya. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mama yenu," alisema mwishowe, sauti kama si yake. "Mama yenu anarudi maua yakichanua."

Watu wakasema baadaye kwamba hawajawahi kuona maigizo kama yale. Lakini Signe aliona mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye mchezo. Emmett hakuichana barua. Aliikunja, akaisukumiza ndani ya mfuko wa koti. Na kwa mara ya kwanza katika maonyesho manane, hakutazama pembeni.

*

Kwa watu wa maigizo onyesho la mwisho haliishi kwa makofi. Watazamaji wakishatoka, kila mtu, hata aliyekuwa mfalme, huvua nguo za mchezo na kushika nyundo, na nyumba iliyojengwa kwa wiki sita hubomolewa kabla ya chakula cha jioni. Wanaobomoa hulishwa, na kina mama wa mji huleta vyungu na masinia.

Saa kumi na nusu nyumba ya mkulima ilikuwa imebaki upande mmoja. Kuta za turubai zilikunjwa. Rafu ya vitabu visivyosomeka ilibebwa nje. Mlango, uliosimama na fremu yake katikati ya jukwaa, uliachwa mwisho kwa sababu ndio uliokuwa mzito kuliko vyote.

"Pruitt, Signe, ng'oeni mlango," Bwana Loomis aliamuru akiwa juu ya ngazi. "Na usinitazame hivyo, Pruitt. Dakika mbili na nusu! Nilizeeka pale."

Wakasimama, mmoja huku, mwingine kule, mlango katikati, kila mtu na bisibisi yake.

"Hukunitazama," Signe alianza, kwa sauti ya chini.

"Ningekutazama ningeshindwa kuendelea."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika, Signe." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Mwaka mzima najiona mwizi. Nikipita mtaa wenu nazungukia kwa nyuma nisione dirisha lako. Krismasi nilimnunulia mumeo soksi za sufu, nikampa mama yako amtumie. Kwa toba."

Signe aliacha kuzungusha bisibisi. "Soksi za kijivu?"

"Za kijivu."

"Zenye mstari mwekundu juu?"

"Ndizo."

Signe alivuta suruali juu kidogo. Mstari mwekundu ulikuwa pale, juu ya kiatu. "Aliniambia amezipata kwenye mnada wa kanisa."

Emmett alitazama soksi zile. Mdomo ulimcheza, akauzuia. Lakini aliposema tena, sauti ilikuwa imelainika.

"Zinakutosha?"

"Kubwa kidogo. Lakini zina joto."

"Afadhali." Akainamia bawaba, akafungua skrubu moja, akaitia mfukoni. "Nilisema uso wangu haujui uongo. Si uso tu, hata mimi mwenyewe siujui. Nakupenda, sina la kuficha. Ningeweza kubaki. Lakini nikija kukuposa nitamkuta mwanaume mwingine msumarini mlangoni, na watu wataniuliza Dale hajambo, nami nijibu nini? Baridi tu?"

"Nimekwambia ukweli."

"Umeniandikia. Kwenye karatasi iliyokuwa ichanwe." Alimtazama. "Useme. Mara moja tu, mbele ya mama yako."

"Ana miaka sabini na nne, Emmett. Ndiyo fahari aliyobaki nayo."

"Na wewe umebaki na nini?"

Signe akashika fremu ya mlango ili mikono iwe na kazi.

Wakati huohuo mlango wa ukumbi ulifunguka, Ardis akaingia na sinia lililofunikwa kwa taulo, harufu ya viazi na nyama ya kusaga ikamtangulia. Wabomoaji wakamshangilia kwa adabu. Aliweka sinia mezani, akajifuta mikono, akaja moja kwa moja mpaka jukwaani.

"Hongera, Bwana Pruitt. Umewaliza wengi leo."

"Asante, Bi Ardis."

"Nimefuata lile koti." Akaliona limetundikwa kwenye kiti, akalichukua, akalikung'uta mabega. "Dale amepiga simu jana. Anasema huenda akaja kiangazi."

"Aa," alisema Bwana Loomis kutoka juu ya ngazi, upole mtupu. "Kule baridi bado?"

"Baridi tu."

Wawili watatu wakatikisa vichwa. Emmett hakutikisa. Aliinama akatazama bisibisi yake, na Signe akamwona jinsi anavyoondoka, pale pale alipo, bila kusogeza mguu. Kesho asubuhi angepiga simu Lincoln. Kile kitabu cha nyuki kingerudishwa maktaba kwa kutumbukizwa kwenye sanduku la nje, bila yeye kuingia.

"Mama," alisema Signe.

"Naam, mwanangu."

"Dale hayuko Alaska."

Hakupaza sauti. Hata hivyo nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine. Bwana Loomis akashikilia ngazi kwa mikono yote miwili.

"Hakupiga simu," Signe akaendelea, machozi yakimlengalenga. "Hajapiga simu tangu alipoondoka. Aliniacha, mama. Tuliachana kwa karatasi, unajua, wewe ndiye uliyenisainia posta. Nisamehe nimesema hapa. Ningesema nyumbani, lakini nyumbani ningeshindwa."

Ardis alisimama na koti kifuani. Hakuonekana ameghadhibika. Alionekana amechoka, kama mtu aliyepewa kiti baada ya safari.

"Unakumbuka ile wiki aliyoondoka?" aliuliza. "Ulikuwa huli. Siku sita. Nikikupa supu inarudi ilivyo. Jumapili Bi Norgaard akaniuliza kanisani, Dale hajambo, na wewe umesimama hapo kando yangu, mweupe kama karatasi. Nikasema la kwanza lililonijia. Alaska." Akatabasamu kidogo. "Ukacheka. Kidogo sana, puani. Tulipofika nyumbani ukala viazi viwili. Nikajisemea, basi, kama Alaska ndiyo inamlisha mwanangu, Dale ataishi Alaska."

Signe aliiachia fremu ya mlango.

"Mimi nilinyamaza kwa ajili yako," alisema. "Nilidhani wewe ndiye unayemtaka awe kule."

"Mimi? Sikumpenda hata alipokuwa hapa. Alikuwa anamwaga majivu kwenye maua yangu."

Mtu alicheka nyuma ya pazia, akajidai anakohoa. Signe akacheka pia, na machozi yakashuka pamoja na kicheko. Mama yake akampitishia kidole shavuni, upande mmoja, halafu mwingine. Miaka tisa wamekaa meza moja, kila mmoja akimlinda mwenzake na jambo ambalo hakuna aliyelihitaji. Lilikuwa jambo la kusikitisha, na Signe alisikitika. Lakini chini ya masikitiko alihisi mwili umekuwa mwepesi.

Ardis alilikunja koti, na katika kulikunja mkono wake ukagusa kitu mfukoni. Akakitoa. Karatasi iliyokunjwa mara tatu. Aliusoma mwandiko wa juu, neno moja tu, akautambua ni wa nani. Mama hakuikunjua. Alimgeukia Emmett, akamnyooshea.

"Hii si ya Dale," alisema.

"Hapana, Bi Ardis," alijibu Emmett, akaipokea kwa mikono miwili. "Ni yangu."

"Basi iweke vizuri. Usiichane." Kisha akatazama juu. "Loomis, kabati lako la nguo za mchezo lina nafasi?"

"Ipo."

"Chukua koti. Mtu yeyote akiigiza mume, mvalishe."

Akamtupia. Bwana Loomis akalidaka nusura aanguke. Ardis akashuka jukwaani kwenda kufunua sinia lake, akiwaambia waliomkodolea macho kwamba kama wana la kuuliza waulize, na kama hawana wachukue sahani. Hakuna aliyeuliza. Nyundo zikaanza tena, taratibu.

Signe alikuwa bado upande wake wa mlango. Emmett hakuwa akionekana; alikuwa amepita nyuma ya ubao wa mlango. Bawaba zilikuwa zimelegea, skrubu mbili tu zimebaki. Hapakuwa na ukuta kulia wala kushoto, wala paa. Angeweza kuuzunguka kwa hatua tatu.

Mlango ukagongwa.

Signe alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Nani?"

"Emmett Pruitt. Nauza vipuri vya trekta."

"Hatuna trekta."

"Najua. Nimeambiwa hapa anaishi mwanamke asiye na mume. Nimekuja kuuliza kama ni kweli."

Signe aliukaribia mlango. "Kweli tupu," alisema. "Na Lincoln je?"

"Kesho asubuhi nitawaambia nina nyuki wa kutunza."

"Nyuki huna."

"Nitanunua. Sitaki kuwa mwongo."

Signe alishika kitasa. Ndipo akasikia sauti ya mama yake kutoka mezani, kijiko cha kupakulia mkononi, sauti ileile iliyokuwa imejibu watu wa kanisani kwa miaka tisa, safari hii haina la kuficha.

"Mfungulie, mwanangu. Chakula kinapoa."